Attracta na Mazishi ya Watu Wengine

Tuliingia Kilcorran, mji nisiowahi kufika, Attracta Geraghty akiwa kaushika usukani kama anataka kuunyonga. Asubuhi familia yake nami, mgeni wao, tulikuwa tumeihama nyumba ya likizo huko wilayani Clare, na kabla ya saa kumi na moja jioni ilibidi tuwe gatini Mayo, tuwahi boti ya mwisho ya kwenda kisiwani walikokodi nyumba ya pili. Dada yake, Dympna, alikuwa huko akimsubiri. Alfajiri ya kesho yake angeondoka kurudi Australia, na hawakuwa wameonana tangu mama yao afe.

Lakini mume wa Attracta, Fintan, alikuwa amefungulia redio ya mkoa wakati wa kutangaza vifo. Aliposikia jina la Tom Mannion wa Kilcorran, akasema lazima tusimame. Mannion aliwahi kuja kumzika baba yake Fintan kwenye mvua. Angewapa wafiwa mkono, basi, tuondoke.

Attracta huendesha basi la shule kwenye barabara nyembamba za Roscommon, na likizo yake ni wiki moja tu. Tukisubiri garini, watoto wao wawili wakigombea mto huko nyuma, aliniambia kwamba kila mwaka wiki hiyo humegwa na maiti za watu. Safari moja ya Kerry iliishia makaburini Tipperary, yeye amevaa ndala za ufukweni. Fintan anasifiwa kote kwa kutokosa mazishi. Anayebaki garini na mtoto anayetapika hasifiwi na mtu.

Mwishowe Attracta alishuka kumfuata Fintan kwenye ukumbi wa kanisa, nami nikaenda naye. Fintan alikuwa keshawapa mkono wafiwa wote, mmoja mmoja, ndipo akafika kwenye jeneza na kuiona picha. Marehemu alikuwa Tom Mannion mwingine kabisa.

"Basi twende," Attracta akasema.

Haikuwezekana. Mjane alikuwa amemshika Fintan mkono, akimshukuru kwa kutoka mbali hivyo, akamkalisha mbele ya chai na mikate ya nyama.

"Nitamwambiaje nimekosea msiba?" Fintan alinong'ona. "Kikombe kimoja tu, Mama."

"Mimi si mama yako. Maiti humjui, mjane humjui. Dada yangu je, unamjua?"

"Punguza sauti, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Nikifa mimi, Fintan, utakuwa kwenye mazishi ya mtu mwingine."

Bibi mmoja aliyekaa karibu alijifanya anakohoa. Mjane akauliza sukari vijiko vingapi. Fintan akasema viwili, na akaomba maziwa.

Attracta alitoka. Nje aliufungua mlango wa nyuma wa gari, akaliburuta begi la mumewe na kulitua juu ya ukuta wa kanisa.

"Baki naye," aliniambia. "Usiku wa leo hawa watampa kitanda. Watamwona ni ndugu."

Akawafunga watoto mikanda, akageuza gari mbele ya lile la kubebea jeneza, akashika barabara ya kaskazini bila kutazama nyuma.