Supu ya Wodini

Jamani, habari hii nikiisimulia lazima nifunike uso kwa kiganja kwanza, maana kule hospitalini Upanga kuna wodi moja ambayo mpaka leo hata koridoni kwake sikatizi. Chekeni tu, nimeshazoea.

Mnanijua, nauza vitenge Kariakoo, na mtu wa Kariakoo ukimwambia kuna kitu cha bure anashika pochi yake kwanza. Sasa Jumapili ile mchungaji wetu akahubiri kwamba mtu haokolewi kwa matendo yake mema, anaokolewa kwa imani, ni zawadi ya Mungu na hailipiwi. Kanisa zima amina, na mimi amina (moyoni nikasema thubutu, mbingu igawiwe bure, kwa biashara gani?). Nikaendelea na utaratibu wangu: usafi wa kanisa nipo, kwaya nipo, msibani mimi ndiye wa kwanza kushika mwiko.

Wiki hiyohiyo Mzee Mponda, mkaanga samaki wa soko la Feri ambaye tunasali naye, alikuwa amelazwa akisubiri kupasuliwa ngiri. Ilikuwa imemtesa vibaya, karai la samaki hawezi kuinua, na siku yake ilikuwa ikisogezwa mbele kila mara mpaka hatimaye akaitwa. Kina mama wa kanisa tukakubaliana twende jioni, akishatoka chumba cha upasuaji. Mimi nikajiamulia niwahi mchana, peke yangu, na chupa ya supu ya kuku wa kienyeji, wenzangu wakifika wakute nimeshahudumia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona mapema?"

"Nimekuletea supu, uingie una nguvu."

"Sista kasema nisile kitu."

"Kasema usile chakula, baba. Supu nayo ni chakula?"

Mzee wa watu, na njaa yake, na ile aibu ya kumkatalia mgeni, akaitazama chupa, akafungua mdomo. Nikamnywesha vikombe na vikombe, nikamtolea na paja la kuku, halafu nikaanzisha pambio, wodi nzima ikapokea, mimi napiga makofi najiona malaika.

Mara sista akaingia na kitanda cha magurudumu. Akasimama, akanusa.

"Nani kala humu?"

"Mimi," akasema Mzee Mponda. "Njaa ilinishinda."

Nilitaka kunyamaza, nakiri. Lakini mgonjwa wa kitanda cha pili akaninyooshea kidole, na wa tatu, mpaka mwenye mkono wa plasta naye akanionyesha kwa kidevu.

"Mama, unajua angetapika akiwa kwenye usingizi wa dawa, supu ingempalia afe?" sista akafoka. "Haya, leo hapasuliwi!"

Kitanda kikageuzwa, akachukuliwa mwingine. Nikapiga magoti kuomba radhi, goti likagonga chupa, supu iliyobaki yote kwenye viatu vya sista! Nikanyakua dekio nifute, nikarudi nyuma bila kuangalia, nikaisukuma ndoo ya maji machafu ikawamwagikia kina mama wa kanisa, kumbe nao wamewahi, ndiyo kwanza wanaingia na sare zao. Wodi ikaangua kicheko, hata aliyekatazwa kucheka kwa sababu ya mshono alicheka huku analia.

Wenzangu walipotoka kwenda kujikausha, nikamsogelea mzee, machozi yananitoka. Nikamwambia nitamfulia, nitamletea chakula kila siku, nitakwenda Feri nimkaangie samaki mpaka apone.

"Nimeshakusamehe," akasema. "Tangu sista alipouliza."

"Sawa baba, lakini nifanye nini?"

"Usifanye kitu, mwanangu. Ukifanya tena, na kesho nitakosa kupasuliwa. Kaa."

Nikakaa. Mikono naiweka mapajani, naitoa, naikunja, sijui niipeleke wapi. Nimefanya kazi tangu utoto wangu, lakini sijawahi kuona kazi ngumu kama kukaa pale bure, kwenye kiti cha mgeni, karibu na mtu niliyemkosea, naye ananihadithia mambo ya Feri kama vile sijamfanya lolote. Nililia, si kwa aibu tena.

Kesho yake alipasuliwa, akapona. Mimi tangu hapo nikipiga magoti usiku simtajii Mungu niliyomfanyia. Nasema asante, halafu nanyamaza. Na kunyamaza kwangu, ninyi mnaonijua, mnajua ni shughuli.