Nilipita mlangoni pa bendi Ndola nikidhani ni gramafoni

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni mzee wa Isansa, Mbozi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mtanivumilia. Nimeona kijana humu anauliza mjini muziki wa laivu unapatikana wapi, nikakumbuka yangu.

Daftari langu la siku zile ninalo hapa. Palipofutika nitasema pamefutika, sitajazia.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru.

Kaka yangu Yoramu alivuka Tunduma akaenda Rodeshia kwenye migodi ya shaba. Baadaye tukasikia ameacha mgodi, anapiga gitaa kwenye bendi, Ndola.

Mama macho yakaanza kuingia ukungu. Akaniita.

"Nenda kamlete kaka yako. Nataka nimwone uso kabla giza halijafunga."

Akanipa kifuko cha chumvi ya kwetu, ya Ivuna, nimpelekee. Nikapanda lori pale Tunduma. Safari siielezi, ilikuwa vumbi tu.

Sasa Ndola. Mji mkubwa, sijui bendi zinapigia wapi, na kuuliza naona aibu. Nikaamua kufuata sikio.

Nikasikia gitaa, nikalifuata mpaka kwa fundi cherehani. Nikauliza, "Mpigaji yuko wapi?"

Watu walicheka mpaka fundi akaacha kukanyaga cherehani. "Ni chilimba, mukwai!"

Kumbe chilimba kwao ni gramafoni, iko mezani nyuma ya mlango. Mimi nilikuwa nimeona moja tu, ya mmisionari, nayo inaimba tenzi. Sikujua kama inapiga na dansi.

Kesho yake nikarudia kosa lile lile kwenye hoteli ya chai. Mama mwenye hoteli, Mbemba mmoja mwenye huruma, akanikalisha, akanipa chai. Kwa aibu sikumwambia namtafuta nani.

"Sikiliza vizuri, mdogo wangu. Sahani ya chilimba ikikwaruzika, inarudia pale pale. Hapo ujue si mtu."

Simlaumu hata leo. Alisema kweli.

Jumamosi mchana nikapita kwenye ukumbi wa kompaundi, yaani kambi ya wafanyakazi. Mlango umerudishwa, ndani gitaa linalia. Nikasimama.

Likafika mahali fulani, likakatika, likaanza upya. Likafika pale pale, likakatika. Mara tatu.

Wakuu, nilijiona mtu wa mjini! "Leo hamnipati," nikasema, nikacheka, nikaenda zangu.

Jumapili baada ya ibada nikamsimulia yule mama wa hoteli yote, hata habari za kaka, nikitegemea anisifu. Akashika kichwa.

"Iwe! Ukumbini pale hakuna chilimba! Jumamosi bendi wanafanya mazoezi. Na yule wa gitaa ni mtu wa kwenu!"

Tulikimbia wote wawili, yeye na kanga yake mkononi. Ukumbi mtupu. Bendi walipanda treni asubuhi kwenda kupiga mji mwingine, na mlinzi hakujua watarudi lini.

Lori langu lilikuwa linaondoka Jumatatu, na chakula kimeniishia. Labda mwingine angebaki. Mimi nilimwachia mama yule chumvi na maneno ya mama yangu, nikarudi.

Yoramu alikuja mvua zilipoanza. Alisema alipoilamba tu ile chumvi alifunga gitaa lake.

Lakini mama alikuwa haoni tena.

Kaka aliogopa kuingia. Akakaa kwenye gogo nyuma ya jiko, akaanza kupiga taratibu. Akafika mahali, akakosea, akaanza upya. Akakosea tena pale pale.

Mama akaita kutoka jikoni, "Vidole vyako havijakua tu? Unakwama kama enzi za gitaa la kopo. Ingia ndani, Yoramu."

Kisha akampapasa uso, muda mrefu.

Kwa haki niseme, sijui kama kusukuma ule mlango kungesaidia. Huenda macho yangezimika kabla hatujafika. Ukurasa wa siku alipoacha kuona umeliwa na mchwa.

Jioni ile kaka aliniuliza, "Ulinitafuta kweli, mdogo wangu?"

Nikajibu, "Kila mahali."

Ametangulia mbele za haki bila kujua kwamba nilisimama pale mlangoni nikacheka.

Kwa hiyo wewe kijana uliyeuliza: ukisikia muziki, sukuma mlango. Ukikuta mashine, watakucheka, utakunywa chai, yataisha.

Na nyinyi wengine, nilipaswa kumwambia? Semeni tu, msiuogope uzee wangu.