Shukrani ya Kitabu Ambacho Hakipo

Kitabu changu cha kwanza kilitoka bila kunisumbua. Niliandika jinsi mama alivyotulea hapa Ukonga kwa kuuza maandazi. Alinisimulia yote huku anakanda unga, mie kazi yangu ilikuwa kuandika tu. Watu wakakipenda. Tangu hapo kila ninayekutana naye ana swali moja: "Cha pili lini?" Jamani, utadhani nina mimba!

Cha pili hakiji. Ninachoandika asubuhi, jioni nakifuta. Kila sentensi inataka kufanana na za kile cha kwanza, na maisha ya mama nilishayamaliza.

Mama hakuniuliza kitu. Alinipeleka jumuiya. Sie Wakatoliki wa mtaa mmoja, kila Jumamosi asubuhi tunakwenda kusali kwa mmoja wetu, na tukifika kwenye nia kila mtu anataja lake. Huyu ana mgonjwa, yule mwanawe hana kazi. Mama akawa anataja kitabu: "Tumwombee mwanangu amalize." Wale akina mama wanaitikia kwa nguvu zote, "Twakuomba utusikie," nami nimekaa palepale, kichwa chini. Wiki nzima nilikuwa nachezea simu. Roho ilinisuta.

Siku moja, tukiwa njiani kurudi nyumbani, nikamwambia, "Mama, nimeshamaliza. Wasiombe tena." Nilitaka tu nipumue.

Nilijisahaulisha kwamba kwa mama ombi likijibiwa lazima utoe shukrani. Papo hapo akaomba jumuiya ije kwetu. Akakodi viti, akanunua nyama, akashona na kitenge. Mtaa mzima ukajua. Kila siku nilipanga kumwambia ukweli, na kila siku nikaona bora kesho.

Nilimwambia asubuhi ya shukrani yenyewe, uani, pilau ikiwa jikoni.

"Mama, kitabu hakijaisha. Hata hakijaanza."

Akabaki na mwiko mkononi. "Sasa mwanangu, ulikuwa unamdanganya nani? Mie, au Mungu?"

Wageni walishaanza kupiga hodi.

"Haya, peleka sahani," akasema.

Tulisali. Mwenyekiti wa jumuiya akampa mama nafasi atoe shukrani yake. Mama akasimama, akaweka sawa kitenge chake kipya.

"Ndugu zangu, mnisamehe," akasema. "Kitabu bado. Mwanangu hana kosa, mie ndiye niliyetangaza mapema. Haraka zangu tu hizi."

Kicheko kikalipuka. "Mama wewe, uzee umekuingia!" mmoja akapaza sauti. Mwingine akasema, "Basi pilau yetu leo ni ya bure!" Mama akacheka nao, ila mie hakunitazama.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Nilijua kabisa. Maneno yalikuwa machache, na watu wenyewe wananipenda, wangenisamehe kabla pilau haijapoa. Nikabaki kwenye kiti.

Mama mmoja aliyekaa kando yangu akanishika goti. "Pole mwanangu. Mama yako kakuaibisha."

Mama alikuwa anapita nyuma yetu na sinia.

"Acha tu," nikamjibu. "Mama ana haraka sana."