Kazi Aliyosomea Nasike

Nasike alikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wote wa kozi ile ya kuhudumia wazee, mama wa mtoto mmoja katikati ya wasichana waliomaliza shule juzi. Siku ya kwanza walimcheka chini chini. Kisha wakamwona akimgeuza Babu, wakanyamaza.

Babu alikuwa sanamu ya plastiki, mkubwa kama mtu mzima, aliyelazwa kitandani katika ghorofa ya juu ya jengo moja mjini Eldoret. Wasichana walitoka Sugoi, Turbo, Ziwa na kwingineko mashambani, wakajifunza kumwosha, kumlisha na kumvisha. Kazi yenyewe ilikuwa ng'ambo. Huku kwetu wazee wamejaa na wagonjwa hawahesabiki, lakini ukitaka kulipwa kwa kumwosha mzee, shurti upande ndege.

Aliyemsomesha Nasike ni baba mkwe wake, Mzee Wekulo wa Kimilili. Mzee huyo aliwauza maksai wake wa kulimia, akamkabidhi mwanawe Murunga pesa zote. "Huyu mkeo ana mikono mizuri," alisema. "Asiimalizie kwa kufulia watu nguo huko Eldoret, mtaa wa West Indies." Majirani walimwona amechanganyikiwa. Nani anauza maksai kabla ya msimu wa kulima, tena kwa ajili ya mke wa mwanawe?

Kozi ilikuwa haijafika katikati Mzee alipoanguka shambani, akapooza upande mmoja. Mkewe alishafariki, na Murunga ndiye mtoto pekee aliyebaki. Wakamleta Eldoret. Hospitali ilipomruhusu, wakamkodishia chumba jirani na chao katika ploti ile ile waliyopanga mtaa wa Pioneer, kwa maana kwao baba mkwe halali nyumba moja na mke wa mwanawe. Hata mkono hawapeani. Nasike alipompelekea uji aliuweka mlangoni, uso ameuelekeza uani, na mtoto wake Brigid ndiye aliyeuingiza. Kumvua Mzee nguo na kumwosha ni jambo lisilotamkika.

Basi kazi ikawa ya Murunga. Asubuhi alimwosha babake, akamgeuza, akaenda kupakia magunia ya mahindi ghalani, na jioni akarudi hoi kumgeuza tena. Nasike alimfundisha kwa kulaza gunia kitandani mwao.

"Usivute. Ukivuta unachuna ngozi. Weka mto hapa katikati ya magoti."

"Magunia mimi nayajua kuliko wewe," Murunga akasema, wakacheka wote wawili. Kilikuwa kicheko chao cha mwisho kwa muda mrefu.

Mchana aliyemgeuza Mzee ni jirani yao Maurice, kijana mwenye cheti cha ufundi wa umeme aliyekaa kibarazani akingoja simu ya kazi. Alifanya hivyo kwa moyo safi. Kisha simu ikalia kweli, kibarua cha mjengo, akaondoka asubuhi yake. Nani angemlaumu? Wanaume wa kanisani walipoombwa zamu walikuja mara moja, wakasali sala ndefu, hawakuonekana tena.

Darasani Madam Cherono, muuguzi mstaafu mwenye sauti kali, alikuwa akipita kati ya vitanda. "Mgonjwa asiyejigeuza, unamgeuza kila baada ya masaa mawili," alisema. "Kidonda cha kulalia si ugonjwa. Ni uvivu wa mtu aliye na mikono." Wasichana wakaandika. Nasike hakuandika. Alikuwa ameshika bega la Babu.

Siku moja isiyokuwa ya darasa alipeleka uji mlangoni, na harufu ikamfikia. Madam alikuwa ameieleza harufu hiyo vizuri sana. Nasike akapiga moyo konde.

"Papa," alisema huku amegeukia uani, "niruhusu. Hii kazi nimeisomea. Wewe mwenyewe ndio ulinisomesha."

Mzee alijibu kutoka kitandani. Kiharusi kilimfanya aseme polepole, neno moja moja.

"Nilikusomesha uende uoshe wazungu, Mama Brigid. Mimi si mzungu."

Lilikuwa na utani ndani yake neno lile, na ndiyo maana lilimuuma Nasike zaidi. Usiku ule alimsihi Murunga, naye akakunja uso. "Unataka Baba afe kwa aibu?" Nasike alitaka kumjibu kwamba atakufa kwa kitu kingine, lakini alimwona mgongo ulivyoinama, akaacha. Murunga aliongeza bidii. Akamletea Mzee dawa ya kupaka, akaanza kuamka usiku kumgeuza. Lakini mchana ulibaki vile vile, mrefu, na Mzee amelalia upande alioachwa.

Nasike alipita mtihani wa vitendo siku ya Alhamisi. Alimgeuza Babu, akamtandikia shuka safi bila mkunjo hata mmoja, na Madam Cherono akawaambia wengine waje watazame. Alipofika nyumbani alikuta Mzee anagonga ukuta kwa kikombe.

"Mama Brigid. Inauma."

"Nakusikia, Papa."

Kikombe kikanyamaza, kisha kikagonga tena.

"Ingia. Lakini funga macho."

Akamtuma Brigid kwa jirani, akaingia na beseni la maji ya uvuguvugu, akafunga macho kama alivyoambiwa. Hakuyafumbua hata kidogo. Mikono ilikuwa inajua njia: bega, nyonga, mto katikati ya magoti. Alimgeuza pole pole, akamwosha mgongo, akashuka chini, na vidole vikafika kwenye kidonda. Kilikuwa kimeenda ndani mno. Akagusa kitu kigumu, akaelewa ni mfupa.

"Kinapona?" Mzee aliuliza.

"Kinapona, Papa."

Machozi yalikuwa yanamtoka chini ya kope alizozifunga, na alishukuru kwamba Mzee amegeukia ukutani. Mzee alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mikono yako ni myepesi," alisema. "Maksai wangu hawakupotea bure."

Nasike akamtandikia shuka safi, akatoka. Baadaye, jua lilipoanza kushuka, Mzee alimwita tena. Sauti yake ilikuwa ya kuomba, na mzee yule hakuwahi kuomba mtu kitu.

"Murunga anakaribia kufika. Nirudishe alivyoniacha. Na usimwambie, wala usimwambie mtu yeyote. Nikienda, niende kama baba yenu."

"Sitasema, Papa."

Akafunga macho. Akarudisha shuka lile lile kuukuu, akamrudisha Mzee juu ya kile kidonda, kwa mikono ile ile iliyosifiwa mchana ule. Kisha akaenda kukaa chumbani kwake, akalia hadi sauti ikamkauka. Murunga alipofika alimwambia tu kwamba harufu imezidi, wampeleke hospitali leo hii. Walimpeleka. Mzee Wekulo hakumaliza wiki, wakamzika Kimilili, na Nasike alisimama nyuma kabisa na wake wengine wa ukoo, mbali na jeneza.

Intavyuu za kazi ya ng'ambo zilikuja baada ya matanga. Jepchumba, msichana wa Sugoi aliyekaa naye dawati moja, alifaulu ya kwake upesi. Alisema kwamba alimuuguza nyanya yake hadi mwisho. Nyanya mwenyewe yu hai, na anakamua ng'ombe kila asubuhi.

Zamu ya Nasike ilipofika, Murunga aliegemeza simu kwenye chupa ya chai, akaketi pembeni, asionekane lakini asikie. Mama mmoja wa ng'ambo akauliza mengi, na Nasike akajibu yote bila kusita. Kisha akauliza kama amewahi kumhudumia mzee wa kweli, mgonjwa, nyumbani au hospitalini.

Nasike aliutazama ukuta. Upande wa pili, wapangaji wapya walikuwa wakisogeza kitanda.

"Bado, madam."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Mama yule akashukuru, akaahidi kwamba watapiga wakimhitaji, na kioo kikazima. Murunga alibaki ameshika kichwa.

"Sasa Mama Brigid, si ungesema tu ulikuwa unamuosha Baba? Nani angekuja huku kuuliza?"

"Ningekuwa nimedanganya," Nasike alisema, akainuka kumpakulia chakula.