Siku niliyowaaga watu wa Kalemie

Mutacheka, najua, na sitakasirika, kwani hata minye nikiwa peke yangu naosha vyombo hapa kwetu Nyamianda, Uvira, ile siku ikinirudilia nafunika uso na kikwembe nilichojifunga.

Nyota, binti wa kaka yangu, alikuwa anaolewa Lubumbashi, na kwetu shangazi njo anamushika bibi-arusi mukono na kumukabidhi kwa wakwe. Kaka akaniambia, dada, nitakutafutia ndege. Nikakataa. Minye nilipanda treni ya Kalemie nikiwa musichana, tulikuwa tunaletewa chai mu gilasi (gilasi ya kweli, si plastiki), sasa ndege ya nini? Nikapanda boti na beseni yangu ya ndagala, dagaa wetu wa ziwa, za karamu, nikashuka Kalemie kichwa juu.

Kumbe treni ya wasafiri haina tena siku inayojulikana. Ukiuliza pale gare, kwenye stesheni, inakuya lini, wanakujibu, "Iko njiani." Iko njiani tangu lini, hakuna anayejua. Lakini kulikuwa wago moja, behewa la abiria, imesimama, na watu wameingia mule kushika nafasi mapema, wanapika, wananyonyesha, wanaanika nguo mu madirisha, hata kuku walikuwa mule. Nikanunua mbabula, jiko la makala, jerikani na mukeka, nikawa jirani yao, wakaniita Mama Uvira, na haikukawia minye njo nikawa naamua nani anafagia (munanijua). Desturi yao ilikuwa hivi: anayepata safari anawaachia wenye kubaki vyombo vyake, kwani wao bado watapika.

Basi asubuhi moja wago ikatikisika. Ikatikisika tena, ikaanza kutembea. Jamani, nililia. Nikaanzisha wimbo wa kanisa, wago nzima ikaitika, nikatoa kichwa dirishani nikawahubiria wamama waliobaki chini: vumilieni, siku yenu nayo itafika, hata minye nilikuwa kama nyinyi. Mbabula nikamupatia mama muuza mihogo aliyekuwa anakimbia pembeni, kisha jerikani, kisha mukeka, kisha sufuria na maharagi yangu ndani. Nikamupigia Nyota: "Binti yangu, tumetoka. Ambia baba yako aache kunicheka." Nikasikia vigelegele vya nyumba yote nyuma yake.

Wimbo haujaisha, wago ikasimama. Nikatazama inje. Tulikuwa nyuma ya depo, na gare niliiona pale pale, na mama muuza mihogo amebeba mbabula yangu, anatutazama. Mzee mumoja wa kazi ya reli akapita, nikamuuliza tunangoja nini.

"Hakuna kitu, mama. Tumewasukuma kidogo tu, treni ya mizigo inataka ile njia."

"Na kichwa ya treni yetu?"

"Kichwa gani?"

Hakuna hata mutu mumoja kati yetu aliyechungulia kama mbele iko kitu kinatuvuta. Tuliona inatembea, tukaimba.

Njaa ilipouma, ikabidi nirudi kwa miguu kuomba vyombo vyangu. Mama muuza mihogo aliniona toka mbali.

"Karibu, Mama Uvira," akasema. "Lubumbashi wanasemaje?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mbabula alinirudishia. Maharagi walikuwa wameshakula.

Siku ya arusi ikatukuta nyuma ya depo. Nyota akapiga simu: "Tantine, mumefika wapi?" Nikataka kumutajia Kabalo, kule katikati ya njia, ulimi ukakataa. Nikamuambia ukweli wote, na mbabula ndani yake. Nikasikia anavuta kamasi, nikajua analia, kumbe anacheka na kulia pamoja. "Basi sitoki nyumbani mpaka unisemee," akasema. Wakaweka simu kwenye mikro, kile kipaza sauti cha arusi, nami nikasimama katikati ya wago na kikwembe changu cha arusi, nikamukabidhi kwa wakwe kwa sauti. Nilipomaliza, wago nzima ikapiga vigelegele, na Lubumbashi wakauliza shangazi ametoa wapi kwaya kubwa hivi. Ndagala za karamu tulizikaangia pale pale, mama muuza mihogo akaleta mihogo yake, na alikula kuliko wote.

Nilirudi Uvira na boti, beseni tupu. Tangu siku ile, wakisema tumeondoka, minye nashuka kwanza naenda mbele kutazama, hata kama ni basi ya Bukavu. Dereva anaudhika, abiria wananicheka, wacha wacheke. Mbabula yangu simupatii tena mutu mpaka nione kichwa.