Dokta Vumbi na pampu zilizofichwa kabatini

Saa moja na nusu asubuhi, kabla msumeno wa umeme haujawashwa, mwanamke mwenye koti jeupe anawafunga mafundi seremala pampu kiunoni, mmoja mmoja. Kila pampu, ndogo kama redio ya mfukoni, ina mpira mwembamba unaopanda hadi kwenye kola, karibu na pua. Hapo pana kichujio cha kunasa vumbi ambalo fundi angelivuta.

"Polepole, dada. Mke wangu mwenyewe hajanikagua hivi," fundi wa msasa anamtania.

"Angekukagua angekuta vumbi tu. Simama wima," anamjibu bila kuinua macho.

Karakanani anaitwa Dokta Vumbi. Udaktari wenyewe bado: anasomea shahada ya uzamivu katika sayansi ya afya ya mazingira, na wiki ijayo anatetea tasnifu yake kuhusu vumbi la mbao na mapafu ya mafundi. Jina lilianza kama dhihaka. Siku hizi mafundi hulitamka mbele ya wateja kwa majivuno.

Ana miaka thelathini na minane. Alianzia hapa hapa, akipiga msasa vitanda wakati wa likizo kumsaidia baba yake, ambaye baadaye kifua kilimwachisha kazi. "Siwezi kusema ni vumbi lililomuumiza," anasema. "Hakuna aliyelipima. Ndiyo maana nilikwenda kusoma."

Katika mwaka wa pili wa utafiti, vichujio vya karakana hii vilitoka karibu vyeupe. Msimamizi wake chuoni alifurahi. Alisema huenda paa la karakana, kwa kuwa liko juu, lilisaidia kutawanya vumbi. Dokta Vumbi hakuridhika. Alirudi mchana mmoja bila taarifa, akakuta pampu zote zimepangwa kabatini, zimefunikwa kitambaa, zinanguruma.

"Vitu vya watu, mwanangu," fundi mkuu alimweleza. "Tuviache vijae vumbi, halafu tukutazame vipi?"

Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akafuta vipimo vya miezi mitano na kuanza upya, uamuzi uliomchelewesha mwaka mzima. "Wenzangu chuoni walisema nisiviguse, vinapendeza. Lakini vilikuwa vipimo vya kabati, si vya watu."

Pampu ziliporudi viunoni, vumbi lilikuwa mara nne ya kiwango alichokichukua kuwa salama. Mafundi wakaunda boksi lenye feni, linalofyonza vumbi penye msumeno, na vumbi likashuka chini ya kiwango hicho. Vipimo vya leo ni vya kuhakikisha kwamba halijapanda tena.

Anajua watahini watamuuliza kuhusu miezi ile mitano. Ameiandikia sura nzima. Akifaulu, anataka kuzunguka karakana zote za mtaa huu na kuwafundisha mafundi kujitengenezea boksi hilo.

Fundi mkuu ameshaamuru kazi isimame siku ya utetezi. Wote wanakwenda chuoni.

"Wakiuliza vumbi, atajibu yeye," anasema. "Wakiuliza kabati, tutasimama sisi."