Swali la Generoza Kuhusu Barafu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naficha uso hata nikiwa peke yangu. Nilikuwa mwalimu kijana wa kemia hapa Mwanza, miaka ile biashara huria iliporuhusiwa na kila mwenye ubao akaanzisha tuisheni. Saa za jioni niliwafundisha wanafunzi wangu wa shuleni kwenye chumba cha kupanga kule Mkolani, suruali nimeipiga pasi mpaka imesimama. Nilijiona mtu kweli kweli!

Siku hiyo nilikuwa naeleza kwa nini vitu havigandi kwenye baridi ya kiwango kimoja. Nikatamka kwa madaha kwamba barafu ikiyeyuka, vifungo kati ya haidrojeni na oksijeni vinakatika, na maji yakiganda vinajifunga upya. Binti mmoja wa kidato cha pili, Generoza, mtoto wa kutoka kisiwani, Nansio, akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Baba anahifadhi sangara kwa barafu. Ikiyeyuka tunabaki na maji. Kama haidrojeni na oksijeni zimeachana, hayo maji yanatoka wapi?"

Badala ya kukiri kwamba sijui, nikamwuliza kama amekuja kusoma au kuuza samaki. Darasa zima likaangua kicheko. Akaketi polepole, nami nikageukia ubao.

Niliporudi nyumbani nikamsimulia mwenye nyumba wangu, Mama Kabula, mwalimu mstaafu wa kemia, nikitegemea atacheka. Hakucheka.

"Mtoto kauliza la maana, wewe ukamfanya kichekesho," alisema. "Vifungo vya ndani ya molekuli havikatiki barafu ikiyeyuka. Kinacholegea ni mshikamano wa molekuli na molekuli. Za maji zinashikana vya kutosha, ndiyo maana friza inayagandisha. Za mafuta ya taa zinashikana kidogo sana, friza haiyawezi. Chumvi ndiyo usiseme! Chembe zake zinavutana kwa chaji pande zote. Ikaange kavu mpaka uchoke, haiyeyuki. Kesho kamwombe radhi mbele ya wenzake."

"Ndiyo, Mama," nikajibu.

Kesho yake nikafundisha upya, vizuri kabisa, kana kwamba ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo. Jina la Generoza sikulitaja. Alikuwa ameinama, ananakili kila neno. Hakunyoosha mkono tena.

Ukafika wakati wa kuchagua masomo. Nikamkuta nje ya ofisi ya walimu, nikamwuliza amechukua nini.

"Nimechukua sanaa, Mwalimu. Sayansi inataka wenye akili."

Nilijua ukweli, kwamba akili anazo, na tulikuwa wawili tu. Nikasema, "Haya, sawa," nikaingia ofisini. Kwa kicheko cha siku ile naweza kusingizia ujana, lakini kwa hiyo "sawa" sina cha kusingizia. Naona aibu hata kukusimulia.

Mwanangu, ukiulizwa usilolijua, sema hujui, utapona tu. Na ukimwaibisha mtu mbele ya watu, usijirekebishe kimyakimya ukadhani yamekwisha. Simama mbele ya watu hao hao, mtaje kwa jina, useme alikuwa sahihi. Fanya mapema, kabla hajaanza kuamini kwamba yeye ndivyo alivyo, vile ulivyomfanya ajione.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuomba radhi, na akujalie watoto wasioogopa kukuuliza.